Barabara ina mita zake, mto una mita zake. Ngome ya Kalenga ina ngapi?

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya malikale. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Mheshimiwa Mwenyekiti na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Iringa. Na Mwenyekiti na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji cha Kalenga.

YAH: OMBI LA KUPIMA NA KUTANGAZA MIPAKA YA NGOME YA MKWAWA NA KIJIJI KILICHOMO NDANI YAKE

Waheshimiwa, kamwene.

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa mkoani Iringa. Naandika hadharani kwa sababu jambo la Kalenga lina wenyewe wengi. Malikale ni ya wizara. Ardhi iko chini ya kijiji. Sheria ndogo ni za halmashauri, barabara ina wakala wake, mto una bodi ya bonde. Ukimwandikia mmoja anakuelekeza kwa mwingine, kwa heshima kabisa, na kila mmoja anasema kweli. Kwa hiyo nawaandikia wote kwa pamoja, ili kila mmoja ajue mwenzake ameombwa nini.

Ombi langu ni hili: eneo lote la ngome ya Mutwa Mkwawa, yaani Mkwawa mtawala wa Wahehe, pale Kalenga lipimwe, liwekwe kwenye ramani, litangazwe kisheria, na litungiwe sheria ndogo za kulilinda huku wananchi wakiendelea kuishi humo. Na lifanyike sasa, kabla ya lami kugeuza kila shamba la kando ya barabara kuwa kiwanja.

Kalenga ipo kilometa kama 15 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara iendayo Msembe, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Barabara hiyo ina hifadhi yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake imeipa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, na hakuna mtoto kijijini asiyejua maana ya X nyekundu ikichorwa ukutani kwao. Mto Ruaha Mdogo unaopita hapo nao una hifadhi yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wanaijua, hata pale wanapoivunja. Lakini nikiuliza ngome ina mita ngapi, inaanzia wapi na kuishia wapi, naonyeshwa jengo la makumbusho na ua wake.

Makumbusho yale nayaheshimu sana. Lakini jengo lile halikuwa ngome. Limejengwa ndani ya ngome.

Tukumbushane Kalenga ilikuwa nini. Hapo ndipo Mkwavinyika, ndiye Mkwawa, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, alipoweka makao yake makuu na kuyazungushia ukuta mkubwa wa mawe na udongo. Humo ndani waliishi watu wake, na humo ndimo alimoweka baruti na pembe za ndovu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski lililokuwa likija kuwatiisha, na Zelewski mwenyewe akauawa. Kwa Wajerumani waliokuwa ndiyo kwanza wanajitangazia utawala wa nchi hii, lile lilikuwa pigo ambalo hawakulisahau. Walijipanga kwa miaka mitatu. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliivamia Kalenga kwa mizinga, msafara ukiongozwa na Gavana Friedrich von Schele mwenyewe, na Tom von Prince akiwa miongoni mwa maofisa wake. Wazee wa huku husimulia kwamba mizinga ilipigwa kutokea upande wa kilima cha Tosamaganga. Ukuta ulivunjwa, askari wakaingia, watu wakapigana humo ndani mpaka ngome ikaanguka.

Mkwawa hakukamatwa. Aliendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne, akihama, akilishwa na kufichwa na watu wake, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi kule Mlambalasi, akiwa ameshazingirwa, asije akatiwa mikononi mwa adui akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita kuu ya kwanza ya dunia, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alilileta fuvu hilo, lililotolewa kwenye makumbusho ya Bremen, akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, hapo hapo Kalenga. Adam Sapi ndiye baadaye alikuja kuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu, na kaburi lake liko karibu na makumbusho.

Haya mnayajua, Waheshimiwa. Nayarudia kwa sababu kila tukio katika hayo limepata mahali pake pa kukumbukwa, isipokuwa moja. Fuvu lina sanduku lake la kioo. Mlambalasi pana kaburi na alama ya kumbukumbu. Lugalo, karibu na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, upo mnara ambao Wajerumani waliwasimamishia askari wao waliokufa, na mpaka leo umesimama. Jina la Mkwawa tumelipa chuo kikuu kishiriki cha elimu pale mjini. Lakini ukuta wenyewe, ule uliolindwa na watu wa kijiji hiki siku ya tarehe 30 Oktoba, mabaki yake yanapita katikati ya mashamba na nyua, na mgeni anayavuka bila kujua amevuka nini.

Nikiwaleta wanafunzi tunaanzia ndani ya makumbusho. Wanalitazama fuvu kimya. Hata wale watundu wa darasani, pale wanakuwa wapole. Wanatazama mikuki, ngao, bunduki. Tukitoka nje, swali huwa lile lile: “Mwalimu, ngome yenyewe iko wapi?” Nawajibu kwamba wamesimama ndani yake. Wanageuka, wanaona mahindi, nyumba za tofali za kuchoma, genge la nyanya, bodaboda wawili wamejipumzisha kivulini. Hawaamini, na siwalaumu.

Yuko mzee mmoja kijijini ambaye hukubali kututembeza. Anatangulia na fimbo yake, anakata pembeni ya shamba la mtu, anamsalimia mwenye shamba, anaendelea. Akifika mahali fulani anasimama na kuichomeka fimbo chini. “Hapa.” Ukitazama kwa haraka huoni kitu. Ukichuchumaa, unaona ardhi imepanda kidogo kisha ikashuka, na mawe yamelala yakifuatana kwa namna ambayo maji ya mvua hayawezi kuyapanga. Anasonga tena, hatua mia na zaidi, anachomeka fimbo. “Na hapa linakunja.” Mimi nimesoma historia chuo kikuu, lakini bila mzee yule kona ile nisingeiona hata ningepita kila siku. Umri wake umeenda sana. Akituacha kesho, kona ile inazikwa naye.

Msimu mmoja wa kiangazi, katika matembezi hayo, tulimkuta kijana akichimba udongo wa tofali. Shimo lake lilikuwa limemfika kiunoni. Pembeni alikuwa ametenga rundo dogo. Nilichuchumaa nikaligusa: vigae vya vyungu, vingine vikiwa na mistari iliyochorwa shingoni kwa ustadi, kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, na mfupa ambao sikuweza kujua ni wa mnyama gani. Alikuwa anavitenga kwa sababu vikichanganyika na udongo vinapasua tofali tanuruni. Nikamuuliza anavipeleka wapi. “Natupa, mwalimu. Vipo vingi.”

Kijana yule hana ukorofi wowote. Alikuwa na tanuru la kujaza na mdogo wake wa kumlipia mahitaji ya shule. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachimba ndani ya ngome, na hakuna aliyewahi kumwonyesha mahali pengine pa kuchimba. Hilo la pili ndilo ninaloomba Halmashauri mlitafakari, kwa sababu katazo lisiloambatana na mahali pengine pa kupatia riziki halidumu hata mwezi.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapo ndipo fundo lilipo.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979. Inalinda moja kwa moja majengo, ngome, makaburi na vifaa vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo hakilindwi kwa umri wake. Kinahitaji Waziri akitangaze. Ngome ya Kalenga, iliyojengwa na mtawala aliyeshika madaraka baada ya baba yake kufariki mwishoni mwa miaka ya 1870, inaangukia upande wa pili wa mstari huo.

Na haiko peke yake. Tazameni Nyanda za Juu Kusini nzima. Ngome za Wahehe na za watemi wa Usangu walioshindana nao, boma la Kijerumani la Iringa, misheni ya Wamoraviani ya Rungwe iliyoanza mwaka 1891, majengo ya Tosamaganga yenye mapaa ya vigae, mahali palipopiganiwa vita vya Maji Maji kuanzia 1905: vyote ni vya baada ya 1863. Isimila, yenye zana za mawe za watu wa kale, inalindwa kwa umri wake, na ni haki yake. Lakini historia ambayo babu zetu waliishi, ambayo majina ya koo zetu yamo ndani yake, karibu yote iko nje ya tarehe ile. Waliotunga sheria mwaka 1964 walitazama nyuma kama miaka mia moja, na kwa wakati wao ilitosha. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 60, na tarehe imebaki pale pale. Mheshimiwa Waziri, naomba sheria hiyo ikipelekwa tena bungeni, tarehe iondolewe na uwekwe umri: kitu kikitimiza miaka mia moja kiwe chini ya ulinzi bila kungoja kutangazwa. Hilo litachukua muda wake. Kalenga haina muda huo, ndiyo maana naiombea tangazo.

Kama lipo Tangazo la Serikali linaloitaja Kalenga pamoja na vipimo vyake, lidurufiwe na kubandikwe nakala kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na ofisi ya kata, pamoja na ramani ambayo mkulima anaweza kuisoma. Kama linalotajwa ni jengo tu, liongezwe eneo. Kama halipo, Mheshimiwa, kalamu unayo wewe.

Kuhusu lami. Nimeiombea barabara ya Msembe lami kama mtu mwingine yeyote wa huku. Nimeona wagonjwa wanaopelekwa hospitali ya Tosamaganga wakirushwa kwenye makorongo, nimeona nyanya zikiozea njiani wakati wa masika. Lami ni haki yetu. Lakini lami ikifika, madalali nao wanafika. Mashamba yanakatwa vipande, zinaibuka frem za maduka, sheli, nyumba za wageni, maana hii ndiyo njia ya watalii wote wanaokwenda Ruaha kwa gari. Mnunuzi kutoka mjini hana habari na kona ya yule mzee. Anakuta mawe kwenye kiwanja chake, anafurahi, kwake ni msingi wa bure. Na msingi wa nyumba ya ghorofa ukishachimbwa, hakuna mtaalamu atakayekuja kuurudisha udongo ulivyokuwa.

Thamani ya Kalenga haimo kwenye ukuta peke yake. Imo katika jinsi kijiji kilivyokaa: bonde, mto, mashamba ya kando ya mto, makaburi ya watawala, kilima cha Tosamaganga kikionekana upande wa pili. Mtoto akisimama kwenye mstari wa ukuta na kutazama kilima, anaelewa vita vile kwa dakika moja kuliko ninavyoweza kumweleza kwa kipindi kizima darasani. Tukiliziba lile jicho kwa majengo marefu na mabango ya matangazo, tutabaki na fuvu kwenye kioo na hadithi isiyo na mahali.

Lakini kuna jambo ambalo ni lazima niliseme kwa niaba ya wenyeji, na naomba lisomwe kwa uzito kuliko mengine yote humu. Nilipoanza kuzungumza na watu wa Kalenga juu ya kuweka mipaka, mama mmoja anayelima kinyungu chake kando ya mto aliacha jembe, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Sasa mwalimu, mkishaleta hivyo vigingi, sisi mnatupeleka wapi?”

Swali lake lina mizizi. Wazee wa mkoa huu wanakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walivyohamishwa kutoka kwenye makazi yao na kupangwa upya. Jirani zetu wa Mbarali wanalijua Tangazo la Serikali Namba 28 la mwaka 2008, lililoingiza eneo la Usangu ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na wanajua miaka ya mashaka waliyoishi vijiji vilivyoguswa na mipaka ile. Mtu wa Nyanda za Juu akisikia eneo “limetangazwa”, anaanza kuwaza pa kupeleka mizigo. Hofu hiyo msiidharau, na msiipeleke kwa afisa mdogo aende kuituliza kwa kikao cha saa moja.

Kwa hiyo naandika wazi, ili asiwepo wa kunielewa vingine: siombi mtu hata mmoja ahamishwe. Watu wa Kalenga ni sehemu ya kinacholindwa. Ni wao waliozaliwa na waliojenga, waliozika na waliobaki pale Wajerumani walipopeleka makao ya utawala juu mlimani na kuuanzisha mji wa Iringa. Wala siombi mtu alazimishwe kukaa kwenye tembe la udongo ili mgeni apige picha. Anayetaka bati aezeke bati, avute umeme, apate maji bombani. Ninachoomba ni utaratibu wa wapi pa kujenga, wapi pa kuchimba, na nani aje kutazama kabla jembe halijashuka.

Inawezekana, na katika nchi hii hii. Kilwa Kisiwani watu wana kijiji chao, wanavua na kulima, na magofu yako pale pale. Magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara yaliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na baada ya kazi kubwa yakaondolewa humo mwaka 2014, kijiji kikiwepo. Mji Mkongwe wa Zanzibar una maelfu ya wakazi, wanafanya biashara, wanaoa na kuolewa humo, na bado anayetaka kubomoa ukuta au kuongeza ghorofa anaomba kibali kwa mamlaka ya hifadhi. Kalenga ni ndogo kuliko hizo zote. Kazi yake haiwezi kuishinda serikali iliyoyaweza hayo.

Na tena, kijiji kinaweza kuanza bila kungoja Dodoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakiwezesha kijiji kupanga eneo gani ni la makazi, lipi la kilimo, lipi la malisho, lipi la hifadhi. Mwenyekiti wa Kijiji, ndani ya mpango huo mstari wa ngome unaweza kuchorwa na wanakijiji wenyewe, wazee wakiongoza, kisha ukapelekwa wilayani ukiwa na muhuri wenu. Tangazo la Waziri likija baadaye litakuta ramani ambayo watu wanaitambua kuwa ni yao, na yule mama wa kinyungu atakuwa ameshajiona ndani yake, shamba lake likiwa na jina lake.

Sheria ndogo zisiwe nyingi. Ndani ya mstari, kusichimbwe udongo wa tofali wala kokoto. Msingi mpya wa nyumba utazamwe na mtu wa malikale kwanza, na atazame ndani ya wiki mbili, bila ada, la sivyo watu watachimba usiku. Mawe ya ukuta yasihamishwe. Makaburi na miti mikubwa inayotajwa na wazee visiguswe bila wazee. Majengo yasizidi ghorofa moja upande unaotazama kilima. Mabango makubwa ya biashara yakae nje ya kijiji. Vigae na vyuma vinavyoibuka shambani vipelekwe ofisi ya kijiji, na aliyevileta aandikwe jina na kushukuriwa, kwa sababu mtu akishatishwa mara moja, kigae cha pili atakitupa mtoni.

Juu ya yule kijana wa tofali na wenzake, nina pendekezo kwa Mkurugenzi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja cha vijana wa Kalenga kikipata mashine ya tofali za kufungamana, zile zisizohitaji tanuru, na kuonyeshwa eneo la udongo nje ya mstari, shimo ndani ya ngome litafungwa bila mgambo. Miti ya kuchomea tofali nayo itapona, na bonde hili linaihitaji.

Kuhusu upimaji, wataalamu tunao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia. Chuo Kikuu cha Iringa kilishiriki kuligeuza boma la Kijerumani la mjini kuwa makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na ukiingia pale unaona kazi ya watu wanaoheshimu mambo ya wenyeji. Mlambalasi na Isimila zimechimbuliwa na watafiti wa ndani na nje kwa miaka mingi. Tunaomba sehemu ya bidii hiyo iletwe kwenye mstari wa ukuta wa Kalenga: kupima kwa droni, kuandika masimulizi ya wazee, kuchimbua kidogo mahali pachache kwa idhini ya wenye mashamba. Kuandika masimulizi kuanze kwanza. Ukuta unaweza kungoja mwaka mmoja. Wazee siwezi kuwaahidia.

Fedha za kiingilio sizijui mahesabu yake na sitaki kuyasemea. Naomba tu kijiji kiwe na fungu lake linalojulikana na kusomwa kwenye mkutano mkuu, na vijana wa hapo wafundishwe kuongoza wageni kwa miguu kuuzunguka ukuta. Leo mgeni wa Ruaha anashuka, anatazama fuvu, anapanda gari. Akitembezwa saa mbili, atakula mahali, atanunua kitu, ataondoka akiwa ameiona Kalenga.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yale waliyotendewa babu zetu kwenye Maji Maji. Mazungumzo ya kurudishwa kwa mabaki ya watu wetu na vitu vyetu vilivyoko Ujerumani yanaendelea, na ni ya haki. Kalenga ndiyo iliyotangulia kupokea, tangu 1954. Wajumbe wetu wanapokaa kwenye meza hizo kudai, wangekuwa na nguvu zaidi wakiweza kuonyesha ramani ya mahali ambapo kilichorudi kilirudishwa, na sheria inayokilinda mpaka kwenye kona ya mwisho ya ukuta.

Waheshimiwa, ninachowaomba kwa hatua ya kwanza ni siku moja. Njooni Kalenga wote kwa pamoja: mtu wa wizara, wa mkoa, wa halmashauri, wa barabara, wa bonde, mkae na Halmashauri ya Kijiji na familia ya Mutwa, kisha muitembee ngome kwa miguu nyuma ya yule mzee. Uitishwe mkutano mkuu wa kijiji siku hiyo hiyo, swali la yule mama lijibiwe hadharani na liandikwe kwenye muhtasari, kwamba hakuna atakayehamishwa. Mimi na wanafunzi wangu tutakuja na kamba, vigingi vya muda na chokaa, tuweke alama pale fimbo itakapochomekwa, ili mpimaji akija akute pa kuanzia.

Majibu ya barua hii naomba yapelekwe ofisi ya Kijiji cha Kalenga, yabandikwe pale ubaoni. Huko ndiko yanakongojwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa historia, Iringa